Jua Halichwi: Safari Ndefu ya Sumu Hadi Naledi

Naledi ni mtaa ulio ukingoni mwa magharibi ya Soweto, pale treni inayotoka katikati ya Johannesburg inapofikia kituo chake cha mwisho. Kwa Kisotho na Kitswana jina hilo maana yake ni nyota. Mwanzoni mwa Oktoba 2024 watoto sita wa mtaa huo walikula vitafunwa vilivyosemekana kununuliwa katika duka la jirani, vile vya pakiti ambavyo mtoto yeyote hununua kwa sarafu moja au mbili. Wote sita wakafa. Hakuna aliyekuwa ametimiza miaka kumi.

Wiki tatu zilipita bila jibu la uhakika, na penye pengo la habari uvumi haukosi. Wengine walisema ni chakula kilichopita muda wake, wengine ni bidhaa bandia, wengine wakasema wageni wamekusudia kuua watoto wa Soweto. Ndipo tarehe 28 Oktoba Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, akatoa majibu ya maabara: watoto wote sita waliuawa na terbufosi. Mabaki yake yalikutwa tumboni, na pia ndani ya pakiti ya chipsi iliyokutwa kwa mmoja wao.

Terbufosi si kemikali iliyooza dukani, wala si bakteria wa chakula kilicholala. Ni kiuatilifu cha shambani, chembechembe zinazofukiwa ardhini pamoja na mbegu za mahindi ili wadudu na minyoo wasile mizizi. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika daraja la Ia, daraja la juu kabisa la viuatilifu hatari. Sheria ya Afrika Kusini haikuruhusu itumike nyumbani hata siku moja. Lakini mitaani Johannesburg kila mtu alikuwa akiifahamu kwa jina jingine: halephirimi.

Jina hilo nalo ni la Kisotho na Kitswana. Ukilileta kwa Kiswahili utapata "jua halichwi": atakayeila hataliona jua likizama. Waliolitunga walikuwa wakimsifia panya kifo cha haraka. Ni jina la biashara lililo bora kuliko tangazo lolote la gazetini, na ndani yake mna historia inayoanzia mbali sana na Soweto.

Inaanzia Afrika Magharibi, kando ya mito ya Calabar, katika nchi inayoitwa Nigeria leo. Huko humea mmea unaotambaa wenye mbegu kubwa za rangi ya kahawia, zinazoitwa esere. Aliyetuhumiwa uchawi au mauaji alipewa maji ya mbegu hizo anywe mbele ya watu. Akitapika na kupona, hana hatia; akifa, kesi imekwisha. Wataalamu waliokuja baadaye walijaribu kueleza kwa nini kiapo hicho wakati mwingine kilionekana kutenda haki. Asiye na hatia, walisema, hubugia kwa mkupuo mmoja kwa sababu hana hofu; tumbo hushtuka na kuirudisha sumu yote kabla haijaingia mwilini. Mwenye hatia hunywa kwa woga, tone baada ya tone, tumbo halishtuki, na sumu hupata nafasi ya kupenya taratibu hadi kwenye damu. Maelezo hayo yawe kweli au yasiwe, yamelenga jambo lenyewe: kumeza sumu ni hatua moja, na mwili kuipokea ni hatua nyingine.

Mbegu hizo zilipofika Uskochi, profesa wa Edinburgh aitwaye Robert Christison aliamua kuzijaribu kwa mwili wake mwenyewe. Ilikuwa mwaka 1855. Alianza na kipande kidogo usiku, akaamka salama, akaongeza kipimo asubuhi. Muda si mrefu kichwa kikazunguka na viungo vikalegea. Kwa kuogopa kufa alikunywa maji yaliyokuwa karibu, nayo ni yale aliyokuwa ametoka kunyolea ndevu, yakamtapisha. Aliponea hapo, naye akaandika habari zake. Mwaka 1864 wanakemia wa Ujerumani walifanikiwa kutoa kiini cha sumu ile, na katika miaka hiyohiyo madaktari waligundua kwamba inabana mboni ya jicho, kinyume kabisa na atropini inayotoka kwenye mmea wa beladona, ambayo huipanua. Sumu ikapata mpinzani wake. Upinzani huo ndio unaowaokoa wagonjwa wodini mpaka leo.

Lakini kiini kile kilikuwa kinafanya nini hasa mwilini? Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyejua jinsi neva inavyotuma amri kwa msuli. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1921, kwa jaribio la mioyo miwili ya vyura. Otto Loewi, mwanasayansi aliyekuwa akifanya kazi Graz, Austria, alisisimua neva ya moyo wa kwanza hadi mapigo yakapungua. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule akamwagia moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo, bila neva yake kuguswa. Basi neva haitumi umeme mtupu, inatoa kemikali. Kemikali hiyo ikaja kutambuliwa kuwa asetilikolini, na Mwingereza Henry Dale akaonyesha jinsi ilivyoenea katika kazi za mwili. Mwezi Desemba 1936 wawili hao walipokea Tuzo ya Nobel mjini Stockholm.

Tarehe 23 ya Desemba hiyohiyo, siku 13 baada ya sherehe ya Stockholm, mwanakemia Gerhard Schrader alitengeneza mchanganyiko mpya katika maabara ya kampuni ya IG Farben, Ujerumani. Kazi aliyotumwa ilikuwa ya kawaida: kutafuta dawa ya wadudu. Mchanganyiko ule ulimaliza vidukari kwa kipimo kidogo mno. Mwezi uliofuata tone moja lilimwagika mezani, naye na msaidizi wake wakaona mwanga wa chumba unafifia, maana mboni zao zilikuwa zimebana, na pumzi zikawa nzito. Iliwachukua wiki kadhaa kurudi katika hali yao. Jeshi la Ujerumani lilipopata habari lilikichukua kitu hicho kikawa gesi ya vita, tabuni; baadaye ikaja sarini. Vita vilipokwisha, ndugu zao waliopunguzwa makali waligeuzwa kuwa viuatilifu, parathioni ikiwamo, na ukoo wote ukaitwa oganofosfati. Terbufosi ni mjukuu wa ukoo huo. Iliingia sokoni Marekani katika miaka ya 1970 kuwalinda wakulima wa mahindi.

Mbegu ya Calabar nayo ilizaa. Kwa kuiga umbo la kiini chake, wanakemia walitengeneza ukoo wa pili wa viuatilifu, kabamati, na katika huo yumo aldikabu. Basi sumu mbili zilizokuja kutawala mitaa ya Johannesburg, terbufosi na aldikabu, zina chimbuko tofauti lakini hubisha mlango mmoja.

Mlango huo ni uleule wa chakula. Anachokula binadamu hupita katika utumbo mwembamba ambao ngozi yake ya ndani imekunjwakunjwa mara nyingi. Ukiikunjua yote na kuitandika, itaenea eneo la kama mita za mraba 30, sawa na nyumba ya chumba na sebule. Eneo hilo lote lina kazi ya kunyonya. Kuta za seli zake zimejengwa kwa mafuta, kwa hiyo kitu kinachoyeyuka katika mafuta hupenya bila kuulizwa. Terbufosi huyeyuka katika mafuta. Haihitaji mbeba mzigo, haisubiri zamu, na hata ngozi ya mkono inaipitisha. Chipsi zilizokaangwa kwa mafuta na kushikwa kwa vidole vya mtoto vinavyolambwa ni gari zuri kwa abiria kama huyo.

Kutoka utumbo damu huenda kwanza kwenye ini, kama mizigo inavyopita forodhani kabla ya kuingia mjini. Sumu nyingi hukwama hapo. Vimeng'enya vya ini huzivunja, huzifanya ziyeyuke katika maji, na figo huzitoa kwa mkojo. Kwa terbufosi mambo huenda kinyume. Ini huiongezea oksijeni kwa nia ileile njema, na kinachotoka upande wa pili ni kikali kuliko kilichoingia. Ni mlinzi anayemnolea mwizi panga akidhani anamnyang'anya.

Kikali hicho sasa kinasambaa kwa damu hadi kwenye viungio vya neva na msuli, pale ambapo asetilikolini ya Loewi hutolewa. Katika hali ya kawaida, amri ikishatolewa kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huifuta papo hapo. Kipande kimoja cha kimeng'enya hicho kinaweza kuvunja maelfu ya chembe za asetilikolini kwa sekunde moja. Sumu hukishika kimeng'enya hicho na kukifunga. Amri zinaendelea kuja, hakuna wa kuzifuta. Mate yanajaa mdomoni, machozi na jasho vinatiririka, tumbo linasokota na kuharisha, mboni zinabana kama kichwa cha sindano. Mapafu yanajaa majimaji. Misuli inachezacheza, kisha inachoka, kisha inalala, na msuli wa kupumua ukiwamo. Mtu anazama nchi kavu.

Kwa mtu mzima wa kilo 70 chembe kadhaa zinaweza kumwacha hai akiwahishwa. Mtoto wa kilo 20 akila kiasi kilekile amekula mara tatu na nusu zaidi, kwa kuwa sumu hupimwa kwa uzito wa anayeila. Muda nao ni mfupi. Kabamati kama aldikabu hulegea zenyewe baada ya saa kadhaa, na mgonjwa aliyesaidiwa kupumua anaweza kuzivuka. Kifungo cha oganofosfati hukakamaa kadiri muda unavyopita mpaka hakifunguki tena. Mwili unalazimika kutengeneza kimeng'enya kipya, kazi ya siku na majuma. Ndiyo maana madaktari hukimbilia atropini, mpinzani wa zamani wa mbegu ya Calabar, ili kukausha mapafu na kuushikilia moyo.

Si kila sumu ya chakula huja kwa kishindo hivyo. Watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini wamekuta madini ya risasi yakichujuka kwenye chakula kutoka sufuria za kusubu zinazotengenezwa kwa metali chakavu, zile nzito zinazopendwa kwenye karamu na misiba. Risasi haipenyi kwa nguvu, hujifanya kalisi. Mwili wa mtoto una njaa ya kalisi ya kujengea mifupa, hivyo huweza kunyonya karibu nusu ya risasi aliyomeza, wakati mtu mzima hunyonya kama sehemu moja ya kumi. Mtoto asiye na madini ya chuma ya kutosha hunyonya zaidi. Hakuna anayeanguka mezani. Uharibifu huonekana miaka mingi baadaye, darasani. Naledi iliushtua ulimwengu kwa sababu sumu yake haikuwa na subira.

Zipo pia sumu zinazoingia chakulani kabla hakijavunwa. Aldikabu huyeyuka katika maji ya udongo, mizizi huinywa, nayo hupanda hadi kwenye jani na tunda. Kusudio ni mdudu anayefyonza jani afe. Mwaka 1985 wakulima wachache wa California waliitumia katika matikiti maji ambayo hayakuruhusiwa kuwekewa. Matikiti yakaenda sokoni karibu na sikukuu ya uhuru wa Marekani ya tarehe 4 Julai, na zaidi ya watu 1,000 wakaugua. Tikiti lilikuwa jekundu, tamu, bila harufu wala doa. Kuliosha kusingesaidia, kwa kuwa sumu ilikuwa ndani ya maji yake.

Sumu ya shambani ilifikaje kwenye rafu ya duka la Soweto? Hapo ndipo historia ya kemikali inapokutana na historia ya mji.

Serikali ya ubaguzi wa rangi haikutaka mitaa ya Waafrika iwe miji kamili. Kanuni za mwaka 1963 ziliruhusu mfanyabiashara Mwafrika awe na duka moja tu katika mtaa, tena la mahitaji ya kila siku kama mkate, maziwa na makaa. Watu wakaanza kuuza kupitia madirisha ya nyumba zao na kwenye vibanda vya uani. Maduka hayo yakaitwa spaza, neno la mitaani ambalo wengi hulieleza kuwa na maana ya kitu kilichojificha. Ubaguzi ulipokwisha spaza zikabaki, zikaongezeka, na nyingi zikapangishwa kwa wageni, Wasomali, Waethiopia, Wabangladeshi na wengine, wanaonunua mzigo kwa pamoja na kulala palepale dukani. Duka moja la mabati lina unga wa mahindi, sabuni, mafuta ya taa, pipi, chipsi. Na lina panya.

Panya wa Johannesburg wana sifa zao. Takataka zisipozolewa, mifereji ikifurika na watu wakijazana, panya hustawi. Katika mtaa wa Alexandra mwaka 2012 mambo yalizidi hadi kukawa na mpango wa kutoa simu ya mkononi kwa kila atakayeleta panya 60. Watu walipewa mitego, wakafika na panya wao, wakaondoka na simu. Mradi mwingine ulipeleka bundi Alexandra na Soweto kupitia shule: wanafunzi waliwalea kwenye visanduku mpaka wakaweza kuruka na kujiwindia. Wazee wengi hawakupendezwa. Huko, kama ilivyo pwani ya Afrika Mashariki, bundi juu ya paa ni mchuro, na mwenye nyumba hatamvumilia ndege wa namna hiyo hata akimlia panya mia.

Asiye na bundi wala simu alikwenda kwa mchuuzi. Kwenye vituo vya teksi na kando ya barabara chembechembe zilipatikana katika vifuko vya nailoni na vichupa vya dawa vilivyotumika, bila lebo, bila jina la kemikali, bila maelezo ya kipimo. Sumu ya panya iliyosajiliwa huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa, mara nyingi mafichoni. Mnunuzi haoni matokeo. Halephirimi humwangusha panya palepale sakafuni, asubuhi unamzoa kwa koleo. Kwa mama anayelala na mtoto mchanga chumba kimoja na panya wanaouma vidole, hoja ya sayansi dhidi ya kifo cha haraka ni ngumu kuiuza.

Aldikabu ilikuwa imetangulia. Wezi wa nyumba waliitia katika kipande cha nyama na kumrushia mbwa juu ya ukuta. Mitaani iliitwa "Two Step", kwa sababu mbwa hupiga hatua mbili akaanguka. Madaktari wa mifugo wa Gauteng, jimbo lenye Johannesburg, waliizoea. Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 2012, lakini iliendelea kuonekana mitaani, na pengo lake likajazwa na terbufosi iliyokuwa bado halali kwa wakulima. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaacha kuiruhusu. Usimamizi wa viuatilifu vyote hivi uliegemea Sheria Namba 36 ya mwaka 1947, iliyotungwa mwaka mmoja kabla ya chama cha ubaguzi kuingia madarakani, wakati ambapo terbufosi haijagunduliwa.

Onyo halikukosekana. Profesa Hanna-Andrea Rother wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walikuwa wakiandika kwa miaka mingi kuhusu viuatilifu vya mitaani. Walipopitia mafaili ya chumba cha maiti cha Salt River, Cape Town, ya miaka ya 2010 hadi 2019, walikuta watoto na vijana 54 waliokufa kwa viuatilifu, na terbufosi ndiyo iliyoongoza. Ni mji mmoja tu, chumba kimoja cha maiti. Vifo hivyo vilikuja kimoja kimoja, kila kimoja na msiba wake, havikuwahi kufika ukurasa wa mbele. Naledi ilileta sita kwa mkupuo.

Hasira ikatafuta pa kutua, ikatua dukani. Soweto na kwingineko wakazi walivamia maduka ya wageni, wakayafunga, mengine yakaporwa. Waliokumbuka Mei 2008 waliingiwa na baridi: wimbi la mashambulizi dhidi ya wageni lilianzia Alexandra mwaka ule na kuua watu 62 nchini. Wakongo na Watanzania wanaoishi Yeoville, mtaa wa Johannesburg, wengi wao wasiouza hata pakiti ya chumvi, walijua kwamba watu wakianza kuulizana lafudhi mtaani, swali la nani ana spaza na nani hana haliulizwi tena.

Tarehe 15 Novemba Rais Cyril Ramaphosa alihutubia taifa. Tangu Septemba, alisema, matukio 890 ya watu kuugua kutokana na chakula yalikuwa yameripotiwa, na watoto wasiopungua 22 walikuwa wamekufa. Majimbo ya Gauteng na KwaZulu-Natal yaliongoza. Alitoa siku 21 kwa maduka yote kujisajili, muda ambao baadaye ulisogezwa hadi mwisho wa Februari 2025. Alisema pia mambo mawili ambayo hasira haikutaka kuyasikia: kwamba hapakuwa na ushahidi wa njama ya kuwaua watoto, na kwamba bidhaa hizo zingeweza kuuzwa vilevile katika maduka ya wenyeji. Watu hununua sumu hizo, alieleza, kwa sababu panya wamezidi, na panya wamezidi kwa sababu manispaa hazizoi takataka. Siku chache baadaye janga hilo likatangazwa kuwa la kitaifa.

Hapo ndipo lawama inapotakiwa kugawanywa kwa haki. Mwenye duka anayemwaga chembechembe chini ya rafu ya chipsi ana kosa, awe mzaliwa wa Soweto au wa Mogadishu. Mchuuzi anayejaza vichupa ana kosa. Lakini chembechembe hizo hazikuchimbwa kituoni. Zilitengenezwa kiwandani, zikaingizwa nchini kwa kibali, zikauzwa kwa wakulima kwa risiti, na mahali fulani kati ya ghala na shamba gunia likafunguliwa. Usajili wa spaza unamfikia aliye mwisho wa mnyororo. Gunia hubaki.

Afrika Kusini haiko peke yake. Mwezi Julai 2013 katika jimbo la Bihar, India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Kilikuwa na monokrotofosi, ndugu wa ukoo uleule wa oganofosfati. Nchini Kenya wawindaji wa mashamba ya mpunga ya Bunyala walijulikana kutega ndege kwa konokono na wali uliotiwa kabofurani, kabamati ya shambani, kisha ndege waliokufa wakauzwa kitoweo. Mlaji alikula bata na sumu yake. Baada ya kabofurani hiyohiyo kuhusishwa na vifo vya simba, kampuni iliyoitengeneza ilianza kuinunua tena kutoka maduka ya Kenya mwaka 2009.

Mwezi Juni 2025, miezi minane baada ya msiba wa Naledi, baraza la mawaziri la Afrika Kusini liliridhia kupiga marufuku uingizaji wa terbufosi nchini. Ni uamuzi mzuri uliochelewa. Historia ya aldikabu inaonyesha kwamba marufuku bila kuzoa takataka na bila kulinda maghala humwachia mchuuzi kazi ndogo tu, ya kutafuta chembechembe nyingine za kujaza kifuko kilekile.

Afrika Mashariki nako, katika masoko ya Kariakoo, Gikomba na Owino, sauti ya mchuuzi wa dawa ya panya, mende na kunguni husikika mchana kutwa, na kikopo chake mara nyingi hakina lebo. Ukikosa jina la kemikali, usinunue. Kama kimo tayari nyumbani, kitoe jikoni, mbali na unga na vitafunwa, na usikihamishie kwenye chupa ya soda. Mtoto akianza ghafla kutokwa na mate na jasho jingi, mboni zikabana na pumzi zikawa nzito, usimnyweshe maziwa wala usimtapishe, mkimbize hospitali. Na pakiti ya alichokula ibebe nayo, kwa maana ndiyo itakayomwonyesha daktari anapambana na nini.